Bosi kaniambia niandike mwenyewe barua ya kunisifia halafu yeye asaini, Shangazi nifanyeje?

Shikamoo Shangazi. Mi msomaji wako wa siku nyingi, huwa nasoma, nacheka na ya watu, napita zangu, leo yamenifika mwenyewe. Naishi Bagamoyo, nafundisha chuo kimoja ambacho sitakitaja, na mara nne kwa wiki niko kwenye daladala za Makumbusho, kwaiyo nikikosea herufi nisamehe maana naandikia humu humu nimebanwa na ndoo ya samaki ya mtu.

Mi ni mhadhiri, PhD nimemaliza 2021, utafiti wangu ni wa mwani. Nimekaa na kina mama wa mwani wa Mlingotini tangu sijamaliza kusoma, tunapima joto la maji, tunaangalia ule ugonjwa unaofanya mwani ugeuke mweupe ukatike wote ubaki kamba tupu, tukajaribu kuhamisha kamba toka maji mafupi kwenda maji marefu kipindi cha kaskazi, na kuna vikundi viwili hadi leo vinalima hivyo hata mi nisipokuwepo. Nina pepa saba, yaani makala za utafiti zilizochapishwa, tatu jina langu ndo la kwanza. Katikati hapo nilijifungua, karibu mwaka mzima sikuandika kitu.

Sasa kuna tuzo ya wanasayansi wanawake walio mwanzoni mwa kazi, inatolewa na OWSD, lile shirika la wanawake wanasayansi wa nchi zinazoendelea, pamoja na Elsevier Foundation, mfuko wa wale wachapishaji wa majarida ya sayansi, rafiki yangu kanitumia tangazo usiku, nimelisoma mara tatu nikasema hii ni yangu kabisa. Shida ni kwamba hujipendekezi mwenyewe, lazima mtu mzito akupendekeze.

Nikaenda kwa mkuu wa idara. Ujue mi na yeye mwaka jana tulipishana, alitaka jina lake liingie kwenye pepa ambayo hakushika hata kamba moja, nikakataa, kwa adabu lakini nikakataa. Toka siku ile salamu zipo ila za baridi. Nilivyomweleza habari ya tuzo hakukataa, alinijibu huku macho yake yapo kwenye simu, "we andika hiyo barua nitumie, mi ntasaini."

Shangazi nimekaa na kompyuta siku tatu. Naandika "Dokta huyu ni mtafiti mahiri," nafuta. Naandika "ni mchapakazi, mpole, anapendwa na wanafunzi," nikasoma nikaona kama naandika tangazo la kutafuta mchumba. Mume wangu ananiangalia anasema chema chajiuza kibaya chajitembeza, kama kazi yako nzuri watakuona tu. Na ofisini kuna kaka mmoja kanisema mbele za watu eti vijana siku hizi tuna haraka, tuzo zina wenyewe, nisubiri zamu. Supavaiza wangu wa PhD yuko Ulaya, yeye yuko tayari kuandika hata leo, ila naogopa akiandika yeye itaonekana kazi ni yake.

Niandike nimpe asaini yaishe? Au niache? Zimebaki wiki tano.

Mama Mwani, Bagamoyo

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu, na pole na hiyo ndoo.

Nianze na mumeo maana ndo jepesi. Methali yake sio mbaya ila ni ya sokoni, na we hauko sokoni. Chema chajiuza pale mnunuzi akiwa kasimama mbele ya meza anagusa ananusa. Chungwa la Muheza halihitaji barua, mtu anasimamisha gari, anamenyewa moja, anaonja, ananunua kapu zima. OWSD makao yake yako Trieste, Italia, wapo tangu 1987, wanapokea majina ya kina mama toka Afrika, Asia, Amerika ya Kilatini na Uarabuni, na hakuna hata mmoja wao atakayepanda daladala kuja Mlingotini kuonja mwani wako. Wanachokipata ni makaratasi, basi. Mwambie baba watoto kuna watu wanasubiri kuonekana mpaka wanastaafu, mi nawajua, wengine nakaa nao barazani hapa Chumbageni tunakunywa kahawa.

Huyo kaka wa zamu sasa. Zamu ipi kwenye tuzo ya watu wanaoanza? Hii inahesabu miaka tangu upate PhD, isizidi 10. Ukisubiri wakubwa waishe utakuwa umetoka kwenye hesabu, ndo uambiwe umechelewa. Yule mwanasosholojia wa Marekani, Robert Merton, aliliandika hili mwaka 1968 akalipa jina la Mathayo, kutokana na ule mstari wa Injili kwamba mwenye nacho ataongezewa, aliona wanasayansi wenye majina wanabebeshwa sifa mpaka za kazi walizofanya na wadogo zao. Wadogo zao ndo nyie. Tuzo za wanaoanza zipo ili foleni hiyo ivurugwe kidogo, halafu mtu anakwambia rudi kwenye foleni!

Haya, barua. Usiiandike.

Najua inafanyika, inafanyika sana, hapa na ng'ambo, na mi mwenyewe enzi nafundisha niliwahi kusaini ya kijana mmoja nakimbilia kikao, sikuisoma hata vizuri, sijivunii. Lakini nimekaa pia upande wa pili wa meza, kwenye kamati za kuchagua. Mwaka mmoja, chuo sikitaji, tulipokea faili la kijana mzuri tu, barua tatu za watu watatu toka taasisi tatu, na zote tatu zimekosea kuandika jina la jarida lile lile, herufi ile ile. Mwenyekiti akazipanga mezani kama karata. Hakuna aliyesema kijana muongo, tulicheka tu, faili likawekwa chini ya mengine na mimi najua halikufunguliwa tena. Na kijana kazi alikuwa nayo! Ndo kinachoniuma mpaka leo.

Halafu kuna jingine. Mtu akijiandikia anajipunja, na mwanamke anajipunja mara mbili. Angalia maneno yako mwenyewe, mchapakazi, mpole, anapendwa na wanafunzi. Huyo ni mtu wa kumwachia mtoto akalee, sio wa kumpa tuzo ya sayansi. Na sio we peke yako, 2003 kina Frances Trix na Carolyn Psenka walichapisha uchambuzi wa barua zaidi ya 300 za kuwaombea watu kazi kwenye chuo kimoja cha udaktari huko Marekani, wakakuta barua za wanawake ni fupi zaidi, zina maneno mengi ya kujituma na ya kufundisha, za wanaume zinataja utafiti na uwezo. Na zile ziliandikwa na watu wengine, sio wenyewe. Sasa fikiria mtu anajiandikia huku anaona haya.

Ngoja nikupe ya huku kwetu Tanga. Si unamjua silikanti, yule samaki wa kina kirefu mwenye mapezi kama miguu, wavuvi wa Tanzania walianza kumnasa kwenye majarife 2003, akanaswa mwingine na mwingine mpaka 2009 ikatengwa hifadhi ya bahari kwa ajili yake. Wataalamu walikuwa wanasema kaisha duniani tangu enzi za madainosari. Desemba 1938 huko East London, Afrika Kusini, meli ya uvuvi ikaleta samaki wa ajabu, aliyemchomoa kwenye rundo ni binti wa miaka 31 aliyekuwa anatunza makumbusho ndogo pale mjini, Marjorie Courtenay-Latimer, wala hakuwa na digrii. Hakujua ni samaki gani ila alijua sio wa kawaida. Alifanya nini? Hakuandika "mimi ni hodari." Alimchora, akampima, akaandika magamba yakoje na mapezi yakoje, akaweka kwenye bahasha akampelekea J.L.B. Smith, mwalimu wa kemia aliyekuwa na wazimu wa samaki. Smith alivyoona ule mchoro alikosa usingizi. Februari 1939 akaja akamuona kwa macho, na alivyompa samaki jina la kisayansi hakuweka la kwake, aliweka la yule binti, Latimeria. Kwaiyo kila silikanti anayenaswa hapa Tanga anaitwa kwa jina la binti wa makumbusho, na aliyeliandika ni mkubwa mwenye nafasi ya kuandika.

Umeona mgawanyo wa kazi hapo? We mpe bosi mchoro na vipimo. Jina aandike yeye.

Mchoro wako uwe kurasa mbili tu, sio barua, usiandike "Dokta huyu," andika "mimi." Anza na tatizo kabla ya wewe kufika. Mwani wa aina ya kotonii bei yake ni nzuri kuliko ile aina nyingine, spinosamu, lakini haivumilii maji ya moto, ikifika kaskazi inageuka nyeupe inakatika, mama anaenda kuvuna anakuta kamba. Hilo bosi wako hata kama fani yake nyingine ataelewa. Halafu ulifanya nini, ulipima wapi, miezi mingapi, ukakuta nini ambacho kabla yako hakikuwepo kwenye maandishi, hapo ndo uzito wote ulipo, kaa hapo, usipite mbio kwenda kwenye sherehe za semina ulizohudhuria. Pepa saba usizipange zote. Chagua tatu, kila moja sentensi mbili, ilisema nini na nani ameitumia. Na zile ulizoshirikiana na wengine sema sehemu yako ni ipi, wazi kabisa, mimi ndiye niliyebuni jaribio, au mimi nilifanya takwimu. Kamati inalitafuta hilo kama mtu anatafuta miba kwenye samaki, yupi alifanya na yupi alipanda mgongoni.

Vile vikundi viwili vinavyolima hata usipokuwepo, jamani, umeviweka kwenye barua yako kama kitu kidogo! Hiyo ndo habari yenyewe. Kazisome tuzo vizuri, nyingi siku hizi zinauliza utafiti umebadili nini kwa watu. Omba wale kina mama wakueleze kwa maneno yao, hata sauti ya WhatsApp, kabla walikuwa wanapoteza kamba ngapi na sasa ngapi, uandike ulivyosikia, na idadi yao ya kweli, kama ni 23 andika 23 usiandike "zaidi ya 50." Mtu akikukamata kwenye namba moja hata zile za kweli haziamini tena.

Jambo dogo ila limewaangusha wengi, majina. Sisi pepa moja umeandika jina lako na la baba, nyingine la baba na babu, nyingine umeweka la mume, mashine inadhani ni watu watatu, kila mmoja na visitesheni vyake viwili vitatu, yaani mara alizonukuliwa na wengine. Kama huna namba ya ORCID, ile ya kumtambulisha mtafiti mmoja mmoja, kafungue leo usiku, ni bure, tarakimu 16, zikusanye pepa zako zote saba chini yake, na Google Scholar nako kasafishe. Ile indeksi ya h iliyoanzishwa na Hirsch 2005, kwamba una pepa ngapi ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara hiyo hiyo, mfano pepa tatu kila moja mara tatu au zaidi, indeksi ni tatu, inaweza kupanda kwa kuunganisha majina tu. Iandike kama ilivyo, usiiombee radhi, kwa mtu wa miaka michache haiwezi kuwa kubwa na kamati inajua.

Mtoto. Sentensi moja. "Nilikuwa likizo ya uzazi mwezi fulani hadi fulani." Usiandike "kwa bahati mbaya," usiandike "licha ya." Tuzo nyingine zinaongeza muda kwa ajili ya uzazi, nyingine hazisemi, ya kwako bado iko ndani ya miaka 10 kwaiyo hapa ni kueleza tu kwa nini kuna pengo, wasije wakadhani ulilala.

Sasa bosi. Mi nadhani unamfikiria vibaya kidogo, sio sana, kidogo. Kutaka jina kwenye pepa ya watu ni tabia mbaya na ulifanya sawa kukataa. Lakini "andika mi ntasaini" sio lazima iwe kisasi, wakubwa wengi wanasema hivyo kwa sababu hawajui kazi yako na wanaona aibu kusema hawaijui. Hawezi kukuuliza we unafanya nini hasa wakati umekaa idarani kwake miaka. Ukimpelekea kurasa mbili umemuokoa. Nenda na fomu yenyewe, ile sehemu ya mpendekezaji uwe umeiwekea alama, mwambie, "Mzee, nimejaribu kuandika kwa niaba yako nimeshindwa, sijui we unaionaje kazi yangu, nimekuletea maelezo, naomba dakika ishirini uniulize unachotaka." Hapo amesikia mambo mawili, kwamba hutaki kumdanganyia saini yake, na kwamba maoni yake yana thamani. Halafu umuulize moja kwa moja, kwa upole, kama yuko tayari kuandika barua yenye nguvu. Hilo neno nguvu usiliache. Akisita, akianza habari za ratiba, usimng'ang'anie, barua ya mtu mwenye kinyongo ni mbaya kuliko kutokuwa na barua, anaandika "namfahamu, anafundisha kozi zake kwa wakati" na kamati inaelewa kilichojificha hapo.

Akikataa sio mwisho. Hiyo tuzo ya OWSD hailazimishi awe mkuu wako wa idara, inapokea wasomi waandamizi, wanachama wa OWSD wenyewe, wanachama wa TWAS, ile akademia ya sayansi ya nchi zinazoendelea, na taasisi za sayansi za nchi. Hapa nchini tuna Tanzania Academy of Sciences tangu 2004, kuna maprofesa kule wa mambo ya bahari na samaki ambao pengine pepa yako wameshaisoma. Waandikie imeili fupi, mistari minane, na zile kurasa mbili. Ila aangalie mtu masharti ya mwaka husika, wanabadilisha fani na mada mwaka hadi mwaka, isije ikawa mwaka huu ni wa wahandisi we unapeleka mwani.

Supavaiza wa Ulaya mtumie, lakini asiwe yeye ndo mpendekezaji kama unaweza kupata mtu wa hapa. Hofu yako ina msingi. Mpe kazi maalum, aandike ulichofanya baada ya wewe kutoka mikononi mwake, ambacho yeye hakukupa. Mambo ya maji marefu yalikuwa wazo la nani? Kama ni lako, yeye ndiye shahidi mzuri kuliko wote, kwa sababu angeweza kudai ni lake na hakudai. Mwombe hilo kwa maneno wazi, wazungu wakiombwa wazi hawakasiriki.

Na wote wawili usiwape maelezo ya namna moja. Bosi mpe ya kijijini na ya darasani, supavaiza mpe ya kisayansi. Ukiwapa karatasi ile ile watanakili sentensi zile zile, tumerudi kule kwenye karata za mwenyekiti. Barua zikishaenda usiombe kuzisoma, wewe tuma ukumbusho siku kumi kabla na siku tatu kabla, biashara imeisha.

Ukiwa na nguvu bado, angalia na ile ya L'Oréal na UNESCO ya vijana wa kike wa Afrika kusini mwa Sahara, ile mtu anaomba mwenyewe, wanachukua wanafunzi wa PhD na walioko kwenye utafiti baada ya PhD, soma kama ajira yako inaingia. Na ile ya Wizara yetu ya Elimu kwa wahadhiri waliochapisha kwenye majarida makubwa ya kimataifa, pale kinachopimwa ni pepa yenyewe, kama una moja ya aina hiyo usiikalie. Kurasa mbili ni zile zile, unazigeuza kidogo.

Jumatatu panda gari la mapema, umkute bosi kabla ya vikao, na simu yake ikiwa bado haijaanza kuita.